Sahani ya Asiyefika

Siku ya kumi na nne ya mfungo, sahani ya asiyefika ilirudi ndani ikiwa imejaa.

Binti ndiye aliyeibeba. Aliishika kwa mikono miwili. Maharage yalikuwa yameganda juu, mkate umekauka kingo, tende tatu zimekaa vilevile zilivyopangwa. Kikombe cha bati kilisimama wima kando yake, maji hayajapungua hata tone. Alisimama mlangoni, hajui aiweke wapi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "leo hajala."

Fundi, mama yake, mshona nguo, alikuwa bado kwenye mkeka wa kuswalia. Kabla hajajibu, sauti ya mama mkwe wake ilitoka nyuma ya pazia.

"Kikombe kimekaaje?"

Binti alimtazama mama yake. "Kimesimama, Bibi."

"Basi na mimi nimeshiba."

Bibi alikunywa maji mafunda matatu, akageukia ukutani, na usiku ule hakutia kitu kingine kinywani.

*

Mkeka wa futari wa nyumba ile ulianzishwa na mwenye nyumba mwenyewe, mume wa Fundi, mchimba visima. Kila mwaka mwezi ukiandama, alitandika mkeka uani na kuita watu wa mtaa, bila kumuuliza mtu anaabudu nini wala kama anaabudu. Walikuja waliofunga na wasiofunga. Alikuja Mchungaji wa kanisa la mabati lililo nyuma ya kisima cha mtaa, alikuja Nesi wa zahanati ambaye hakuwa wa dini yoyote iliyojulikana, na alikuja Gundi, fundi viatu, ambaye alisema dini yake ni chakula cha moto. Mchimbaji alikuwa na sheria moja tu: wakihesabiwa watu, sahani iongezwe moja, iwekwe mwisho wa mkeka, upenuni karibu na mlango. "Anayechelewa naye ana tumbo," alisema.

Miezi minane sasa tangu kisima kimporomokee. Alikuwa futi arobaini chini. Watu walichimba siku tatu, maji yakawashinda, mwenye kiwanja akaagiza shimo lifukiwe. Hapakuwa na maiti, sanda wala kaburi. Shemeji yake Fundi, mdogo wa marehemu, alitaka waswali swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, yaishe. Bibi alikataa. "Mtu hazikwi kwa maneno," alisema, na neno lake likawa kufuli.

Fundi hakuwa na nguvu ya kubishana na yeyote. Alishona, akapika, akatandika mkeka kama zamani, na sahani ya ziada akaiweka pale pale, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Jioni zilikwenda kwa utaratibu ule ule. Adhana ikilia, waliofunga walikula tende na maji, wanaume wakaenda msikitini, Fundi na binti wakaingia ndani kuswali na Bibi. Wageni wa dini nyingine walibaki uani kufukuza nzi na paka hadi wenzao warudi, ndipo wote wale kwa pamoja. Na siku ya tatu ya mfungo, Fundi alipotoka kuswali, alikuta sahani ya asiyefika ni tupu na kikombe chake kimefudikizwa.

Alishika ukuta.

Kufudikiza kikombe ilikuwa tabia ya mumewe. Kisimani, wachimbaji wakishanywa maji hugeuza kikombe mdomo chini, vumbi lisiingie. Alikuja nayo hadi nyumbani, na kila siku mama yake alimgombeza: "Hapa si kisimani, baba." Jambo lingine alilokuja nalo ni udongo wa kwenye kucha, ule mweupe wa chini kabisa karibu na maji, laini kama unga. Mtaa mzima ulikuwa mwekundu, ua, kuta, hadi nguo zilizoanikwa. Weupe ule ulionekana kwenye vidole vyake tu.

"Nani amekula hapa?" Fundi aliuliza.

"Fundi," Gundi akajibu, "sahani ikiwekwa si iliwe? Mbona zetu huziulizi?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na Mchungaji aliinamisha macho. Nyuma ya pazia Bibi, ambaye tangu mwezi uanze alikuwa akilamba uji tu, alisema kwa sauti iliyochangamka: "Kikombe kimefudikizwa? Mwanangu amefuturu. Nileteeni na mimi."

Akala. Akamaliza. Akaomba kidogo tena.

Nani angeuliza zaidi baada ya hapo? Kila jioni sahani ilibaki tupu, kila jioni Bibi alikula, mashavu yakaanza kurudi. Lakini Fundi alianza kuirefusha swala yake. Mara nyingine akiwa amesujudu alisikia kijiko kikikwaruza bati nje ya ukuta, taratibu, akasahau yuko rakaa ya ngapi. Hakutoka hadi kijiko kinyamaze.

Siku ya kumi na tatu mvua kubwa ilishuka kabla ya adhana. Wageni walikimbilia kanisani kwa Mchungaji, mkeka ukakunjwa, chakula kikaingizwa ndani mbiombio. Sahani ya mwisho ilisahauliwa upenuni. Fundi alipoikumbuka baada ya swala, ilikuwa tupu, na kikombe kimelala mdomo chini. Bibi alikula jioni ile polepole kuliko siku zote, bila kusema neno. Fundi aliosha vyombo akiilaumu mvua kwa kurusha matope: ukingo wa kikombe ulikuwa na tope zito, jeupejeupe, lililogoma kutoka.

Na kesho yake ndipo sahani iliporudi imejaa.

*

Siku ya kumi na tano alikuja shemeji, dereva wa lori, amebeba boksi la tende kwapani. Alisimama kando ya mkeka bila kukaa.

"Hawa wote wamefunga?"

"Wamealikwa, shemeji," Fundi alisema.

"Nimeuliza wamefunga?"

"Mimi nimefunga, bosi," alisema Gundi. "Tangu saa nane mchana. Kabla ya hapo sikuwa na njaa."

Shemeji hakucheka. Adhana ilipolia alifungua boksi na kupita akigawa. Kwa aliyefunga aliweka tende mbili. Kwa asiyefunga alipita kama anavuka dimbwi. Mchungaji alikuwa ameshanyoosha mkono. Uliganda hewani, kisha ukaingia mfukoni, kana kwamba tangu mwanzo ulikuwa unatafuta leso. Binti aliona. Alichukua tende moja kati ya zake mbili, akaiweka kwenye sahani ya Mchungaji, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

"Asante, mama," Mchungaji alinong'ona.

Waliporudi kutoka kuswali, sahani ya mwisho ilikuwa imejaa. Shemeji alisogea hadi kwenye pazia.

"Mama, kula. Watu wanasema uani kwako panafugwa mzimu. Mkeka wa futari umegeuka kilinge!"

"Watu gani? Hao unaowanyima tende?"

"Kaka amekufa, mama. Tumswalie, tumalize."

"Umeiona maiti?"

"Mama..."

"Aliyemwona mwisho ni Kamba. Kamuulize Kamba."

Jina hilo halikuwa likitajwa katika nyumba ile. Kamba ndiye aliyekuwa mshirika wa marehemu, yule anayesimama mdomoni mwa kisima ameshika kamba. Miaka tisa walifanya kazi pamoja na kunywa kikombe kimoja. Siku ya tatu ya kuchimbua alikuja mlangoni na mikono iliyochubuka, na Fundi akamwambia mbele ya waombolezaji wote: "Kamba uliishika ya nini, kama ilikuwa ya kuachia?" Akafunga mlango. Tangu hapo hakumjibu salamu hata njiani.

Shemeji alifunga boksi lake. "Basi mfe nyote," alisema, akatoka. Lakini alisimama nje ya ua kwa muda mrefu, na waliokaa karibu walimsikia akipenga kamasi.

*

Siku ya kumi na sita Nesi alimpima Bibi presha, akatoka akikunja mpira wa mashine kwa hasira.

"Jioni mbili sasa ni maji matupu. Kwa umri huu figo hazingoji Idi, Fundi. Mkimwacha hivi, sina la kuwaambia."

"Nimlishe kwa nguvu?"

"Sijui! Fanya kitu."

Jioni ile, Fundi alipoingia kuswali, wageni walitazamana. Gundi akajipigapiga kifuani kama anayekwenda vitani, akahamia mwisho wa mkeka, akala maharage yote, akafudikiza kikombe.

"Kikombe kimekaaje?" Bibi aliuliza baada ya swala.

"Kimefudikizwa, Bibi," alisema binti, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Pazia halikutikisika. Kisha Bibi akasema: "Nani huyo aliyekula kama anafukuzwa na mbwa? Mwambieni asahau njaa yangu. Na ajifunze kutafuna."

Gundi alifunika uso kwa kofia. Nesi alimshika Fundi mkono, akampeleka hadi kwenye kamba ya nguo.

"Nikikwambia utatufukuza?"

"Sema."

"Ni Kamba. Alikuwa anakuja mkishaingia kuswali. Siku ya kwanza alipita tu, akaona sahani haina mtu. Hakuwa amekula siku mbili. Hakuna anayempa kazi, wanasema ana mkosi. Mchungaji akamwambia, 'Kaa, hii ni ya anayechelewa.' Akala, akageuza kikombe kwa mazoea yake, akaondoka. Halafu tukasikia Bibi ameomba chakula." Nesi alimwachia mkono. "Tungefanyaje? Tulimwomba aje kila siku. Wewe ulimfungia mlango, sisi tukaona mkeka hauna mlango."

Nguo zilizosahauliwa kwenye kamba zilimgusa Fundi shavu.

"Na mbona ameacha?"

"Hatujui. Siku ya mvua tulikimbia wote, hatukumwona. Tangu kesho yake hajatokea. Tumemwita, hafungui."

*

Kesho yake mchana Fundi aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akajifunga mtandio na kwenda. Chumba cha Kamba kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba, na mlango wake ulikuwa umeegeshwa kwa jiwe kwa ndani.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi. Ni mimi."

Jiwe lilisogezwa. Kamba alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Nyuma yake, juu ya msumari, kamba nene ya kisima, ile ya akiba, ilining'inia imekunjwa vizuri, kama nguo ya mtu anayetarajiwa kurudi.

"Shem—" alianza, akajikatiza. "Karibu."

"Niite ulivyozoea. Sikuja kugombana. Bibi hali. Ukila wewe, naye anakula. Njoo leo."

Kamba alitikisa kichwa.

"Unataka nikupigie magoti?"

"Si hivyo, shemeji. Siku ya mvua nilichelewa. Nilipofika uani hapakuwa na mtu, mlango umefungwa, nawasikia mnaswali. Nikaisogelea sahani." Alikohoa, kikohozi kifupi kikavu cha watu wa vumbi, ambacho humtoka mtu kabla hajajua. "Ilikuwa imeshaliwa. Kikombe kimefudikizwa. Nikakiinua. Kilikuwa na ubaridi, shemeji. Si wa mvua. Ule wa chini kisimani. Nikakirudisha vilevile."

Fundi alijifunga mtandio upya. "Paka..."

"Paka hageuzi kikombe."

Nje, mtoto wa jirani alikuwa akiimba jedwali la hesabu.

"Nilidhani amekuja kudai nafasi yake," Kamba alisema. "Mimi nakula sahani yake, nageuza kikombe chake, mama yake ananiita mwanangu bila kujua. Nikaogopa."

"Ulimwachia kwa nini?" Fundi aliuliza. Hakuwa amepanga kuuliza. Lilitoka lenyewe, baada ya miezi minane.

Kamba alikwenda ukutani, akateremsha kamba, akampa ncha moja aishike. Yeye akarudi nyuma na ncha nyingine.

"Chini na juu hamsikiani. Mnasema kwa kamba. Mvuto mmoja, nipandishe. Miwili, niteremshe ndoo." Alivuta, mmoja, kisha miwili, na Fundi akaisikia hadi begani. "Mitatu ni: achia, kimbia, kingo zinakuja." Akaiacha kamba ilegee. "Alivuta mitatu. Nilisimama, shemeji. Nilisimama nikavuta mmoja, kumwambia nakupandisha. Akavuta mitatu tena. Kwa hasira. Unamjua alivyokuwa."

"Namjua," Fundi alisema.

"Nikakimbia. Nilikuwa hatua nne, tano. Nikageuka, hapakuwa na kisima."

Fundi aliishika ile ncha kwa mikono miwili. Kisha, polepole, akavuta mara moja.

"Njoo kabla ya adhana," alisema. "Mbele ya watu. Usije tena kama mwizi."

*

Kamba alikuja jua likiwa bado kwenye mabati. Aliyemwona kwanza ni shemeji, ambaye alikuwa amerudi na boksi lake la tende na uso wa mtu ambaye hakulala. Alinyanyuka nusu, akamtazama Fundi. Fundi alikuwa akimimina maji bila kumwaga. Shemeji akakaa.

"Mwisho wa mkeka hapo," Fundi alimwambia Kamba. "Sahani yako."

Adhana ililia. Shemeji alifungua boksi. Alipofika kwa Mchungaji alisita, akaweka tende mbili, akaongeza ya tatu.

"Ya juzi," alisema.

"Nilishaisahau," Mchungaji alisema, jambo ambalo halikuwa kweli.

Kamba aliinua kikombe. Kabla ya kunywa alikohoa.

Pazia lilifunguka. Bibi alikuwa amesimama, ameushika mlango, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Hakuwa ametoka nje tangu mwezi uanze. Watu wote waliinuka.

"Kaeni. Kohoa tena, nisikie."

Kamba alimkodolea macho.

"Nimesema kohoa."

Akakohoa.

"Ndiye," alisema Bibi. Binti alimkimbilia, akamketisha kwenye kigoda upenuni, magoti yao na Kamba yakikaribia kugusana. "Jioni kumi na moja kwa kumi na moja, zote nimekusikia. Mwanangu hajakohoa maishani mwake. Mnadhani kuzeeka ni kuziba masikio?"

"Mama nisamehe," Kamba alisema. "Mimi ndiye nilikuwa..."

"Unajua kuhesabu? Nimesema kumi na moja. Leo siku ya ngapi?"

"Kumi na saba," alijibu binti.

"Mlianza siku ya tatu. Siku ya tatu hadi ya kumi na mbili ni kumi. Na leo, kumi na moja." Bibi aliwatazama mmoja mmoja. "Huyu alikula kumi. Nikala naye, kwa sababu aliyekunywa kikombe kimoja na mwanangu miaka tisa, njaa yake ni yangu. Siku ya mvua sikusikia kikohozi."

Gundi alivua kofia.

"Mwanangu alikula kimyakimya, kama alivyokuwa akila tangu mdogo. Nilikuwa kwenye swala, sikuikata. Aliye mbele za Mungu haitwi, na hamwiti mtu. Kijiko kiliponyamaza nikajua ameaga. Baada ya hapo sikuwa namngoja yeye. Nilikuwa namngoja huyu, aje akae mwangani. Ningewaambia mkamwite mngekataa. Wewe mkwe wangu ungekuwa wa kwanza." Alinyoosha mkono mtupu. "Haya. Nani ananipa mkate, au hadi nife mpate cha kusimulia?"

Nesi alicheka huku analia. Kamba alimega mkate wake katikati, akauchovya kwenye mchuzi wa maharage kwa sababu Bibi hakuwa na meno ya kutosha, akamwekea mkononi. Akala. Wote walimtazama akitafuna hadi akameza.

"Kesho," alimwambia mwanawe wa lori, "mkamswalie kaka yako. Na huyu mumchukue. Kama haswali, asimame pembeni, awashikie viatu."

"Sawa, mama."

*

Wageni walipoondoka, Fundi alikaa bombani na beseni la vyombo. Taa ya mlangoni ilimulika ua uliolowa. Aliosha sahani kwanza. Kikombe cha mwisho wa mkeka alikibakisha.

Aliutazama ua. Matope yaliyorukia ukutani siku ya mvua yalikuwa bado yapo, hakuna aliyeyafuta. Yalipanda hadi kimo cha goti, mekundu. Beseni lilikuwa na mstari mwekundu, na ndala zake zilikuwa nyekundu hadi kwenye kanda.

Alikigeuza kikombe. Chini, pale bati linapokutana na bati, palikuwa na mfuo mwembamba usiofikiwa na sponji. Alipitisha ukucha wa kidole gumba taratibu, akauzungusha hadi mwisho, kisha akausogeza kwenye taa.

Chini ya ukucha palikuwa peupe, laini kama unga.

"Mama," binti aliita kutoka ndani, "kesho niweke sahani ngapi? Kamba si ameshakuwa wa kuhesabiwa?"

"Mhesabu," alisema Fundi. "Halafu uongeze moja."

Hakukiosha kile kikombe. Alikifudikiza ukingoni mwa dirisha, vumbi lisiingie, akakaa pale na kidole gumba ndani ya kiganja, amekifumbata.